Kushuka Ndiyo Ngoma: Breki ya Injini katika Gari la Otomatiki

Wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Usemi huo ulitungwa kabla ya magari kuenea katika nchi zetu, lakini leo hapana anayeuelewa kuliko dereva aliyebeba familia yake kileleni mwa kilima, mbele yake barabara ikiteremka na kupinda hadi isionekane. Gari likishindwa kupanda, husimama na abiria wakashuka kulisukuma. Gari likishindwa kujizuia linaposhuka, waliomo ndani hawana nafasi ya kushuka.

Mjini Mbarara, kama ilivyo mahali pengi nchini Uganda, gari la kwanza la familia aghalabu ni gari lililokwisha kutumika Japani: Toyota Premio, Wish, Noah, au labda Subaru. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kuundwa, lakini yaliyoingia kabla ya hapo yangali yakitembea kwa wingi. Mengi ya magari hayo ni ya otomatiki, yaani hayana klachi, na gia zake hujibadilisha zenyewe. Mnunuzi naye, akiwa ni askari wa jeshi au wa polisi, mara nyingi alijifunza udereva katika lori au Land Rover yenye klachi. Huko mwalimu wake alimfundisha kuteremka kwa gia ndogo, na alipokosea alikaripiwa.

Aingiapo katika gari lake mwenyewe la otomatiki, mafunzo hayo huyaacha mlangoni. Hudhani kwamba, madhali gari hujibadilishia gia, basi kazi ya gia si yake tena. Huuweka mkono wa gia kwenye herufi D atokapo nyumbani, wala hauondoi hapo mpaka afikapo. Katika barabara tambarare hana kosa. Katika mteremko mrefu, mazoea hayo ndiyo yanayounguza breki.

NJIA YA NAKIVALE

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi ya kale kabisa ya namna hiyo katika Afrika. Leo yamejaa watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea, na idadi yao imepita laki moja. Ziwa Nakivale limelala bondeni, na Wilaya ya Isingiro ni nchi ya vilima. Kwa hiyo atokaye Mbarara kwa njia ya Isingiro hupanda vilima, kisha hana budi kuteremka kuelekea bonde la ziwa. Sehemu ya safari ni lami, katika barabara iendayo Kikagati. Njia nyingi za ndani ni za udongo na changarawe.

Katika miteremko hiyo dereva hayuko peke yake. Mna bodaboda zenye mikungu ya matoke, watoto wenye madumu ya maji, baiskeli zisizo na breki, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, ambao hawana desturi ya kumpisha mtu. Mna pia magari ya wagonjwa yanayopeleka watu katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Yeyote kati ya hao akitokea ghafla mbele ya gari, ni breki ya mguu itakayomwokoa, ikiwa ingali na nguvu. Hiyo ndiyo sababu ya kuihifadhi: dereva aifikishe chini ya kilima ikiwa baridi, tayari kwa dharura.

JOTO HUENDA WAPI?

Tuchukue mfano wa familia moja. Baba ni sajini wa polisi, mama ni mfanyabiashara mdogo wa mahindi na maharage. Wao wawili, watoto watatu, magunia kadhaa nyuma. Gari na mizigo yake huwa kama kilo 1,600. Gari hilo likishuka kilima ambacho kilele chake kipo mita 300 juu ya bonde, uzito wake una nguvu ambayo lazima iishie mahali fulani. Ukiipiga hesabu, nguvu hiyo ikigeuzwa yote kuwa joto yatosha kuchemsha yapata lita 15 za maji ya kawaida, yaani robo tatu ya dumu la lita 20. Mama yeyote anayepika kwa kuni au makaa anajua ni moto wa kiasi gani unaohitajika kuchemsha maji mengi hivyo.

Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Iliyobaki, ikiwa dereva ameiacha D na kuukalia mguu wa breki toka juu hadi chini, huingia kwa sehemu kubwa katika diski, dramu na vitambaa vya breki. Vyombo hivyo ni vidogo. Vimeundwa kupokea joto jingi kwa muda mfupi, kisha kupoa. Havikuundwa kukaa jikoni dakika kumi mfululizo.

Hapo hutokea mambo mawili. La kwanza, vitambaa vya breki vikipata moto kupita kiasi hupoteza ukali wake wa kushika. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi, naye hupata kidogo kuliko alichopata mwanzo. La pili ni baya kuliko hilo. Breki huendeshwa na mafuta maalumu yanayosukumwa ndani ya mirija. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki mpaka joto lifike walau nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, mwaka baada ya mwaka. Yakishajaa maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka, hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama mpira. Pedali huzama hadi sakafuni, na gari halisikii.

Gari lililonunuliwa likiwa limetumika miaka kumi, ambalo mafuta yake ya breki hayakubadilishwa tangu literemke melini, ndilo linaloelekea kupatwa na jambo hilo kwa urahisi.

INJINI HUZUIAJE GARI?

Injini iliyounganishwa na magurudumu haiwezi kuzunguka bure. Mguu ukiondolewa kwenye pedali ya mafuta, mlango wa hewa wa injini ya petroli hujifunga karibu wote. Hata hivyo pistoni zinaendelea kupanda na kushuka, zikijaribu kuvuta hewa ambayo haipatikani, kama mtu anyonyaye maji kwa mrija uliozibwa kwa kidole. Kazi hiyo ni nzito, na pamoja na msuguano wa ndani huyashika magurudumu yasiende mbio. Joto linalopatikana hutoka kwa njia ya bomba la moshi na rejeta, ambazo ziliumbwa kwa kazi hiyo.

Nguvu ya kuzuia huongezeka kwa kadiri injini inavyozunguka upesi. Katika giaboksi nyingi za otomatiki zenye gia nne, gia ya pili huizungusha injini zaidi kidogo ya mara mbili kuliko gia ya nne, mwendo wa gari ukiwa ule ule. Kwa sababu hiyo gari lililo katika gia ya nne hukimbia mteremkoni kama lililoachiwa, na lililo katika gia ya pili huteremka kwa utulivu.

Tena injini haiungui mafuta mengi kwa sababu ya kelele hiyo. Katika magari ya sasa yenye sindano za kupulizia petroli, mguu ukiondoka kwenye pedali huku gari likisukuma injini, kompyuta ya injini hufunga petroli kabisa mpaka mizunguko ipungue. Kelele isikiavyo mteremkoni ni ya hewa na chuma, wala si ya petroli inayoteketea.

GIA HAINA MACHO

Giaboksi za otomatiki zilianza kuuzwa kwa wingi baada ya mwaka 1939, wakati kampuni ya General Motors ya Marekani ilipotoa Hydra-Matic kwa ajili ya magari ya Oldsmobile. Tangu hapo zimeboreshwa sana, lakini kanuni ya zile za kawaida ni moja: giaboksi huchagua gia kwa kutazama mwendo wa gari na jinsi dereva anavyokanyaga mafuta. Mwendo ukiongezeka na mguu ukiwa mwepesi, hupandisha gia ili injini ipumzike.

Sasa fikiri juu ya mteremko. Gari linakwenda mbio kwa sababu ya kilima, na mguu wa dereva umeondoka kabisa kwenye mafuta. Giaboksi huona mwendo mkubwa na mguu mwepesi. Hudhani kwamba gari lipo katika barabara nzuri iliyonyooka, basi huchagua gia kubwa. Yaani pale hasa gia ndogo inapohitajika, yenyewe hupeleka kubwa. Baadhi ya magari mapya yana akili ya kutambua mteremko na kushusha gia, lakini hata hayo hutambua baada ya mteremko kuanza. Hayaoni kona iliyo mbele, wala ng'ombe waliojilaza baada ya kona. Macho ni ya dereva.

Kuna jambo jingine. Ndani ya baadhi ya giaboksi mna viungo vinavyoshika upande mmoja tu, mithili ya gurudumu la nyuma la baiskeli: ukikanyaga pedali hushika, ukiacha kukanyaga gurudumu hujiendea. Mkono ukiwa kwenye D, gia za chini zaweza kuvuta gari bila kulizuia. Mkono ukishushwa kwenye 2 au L, viungo vingine hufungwa na injini hushika pande zote mbili. Kwa ajili hiyo watengenezaji waliweka nafasi hizo, wala si pambo.

MAANA YA HERUFI NA NAMBA

Yafaa kila mwenye gari aketi ndani yake likiwa limesimama, ausome mkono wa gia kama asomavyo barua.

Kitufe cha O/D kilichopo ubavuni mwa mkono wa gia huondoa gia ya juu kabisa. Kikibonyezwa, taa ya O/D OFF huwaka mbele ya dereva, na gari lenye gia nne haliendi zaidi ya gia ya tatu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya breki ya injini, na yatosha katika mteremko mdogo wa lami.

Namba 3 hulizuia gari lisipite gia ya tatu. Namba 2 lisipite ya pili. L huliweka katika gia ya chini kabisa. Namba 2 ni ya mteremko mkali au mzigo mzito. L ni ya mteremko mkali mno unaoshukwa polepole.

Magari yenye giaboksi ya mkanda, zisizokuwa na gia za kuhesabika, mara nyingi huwa na S na B, au S na L. S huongeza mizunguko ya injini kiasi. B au L huongeza zaidi. Magari ya umeme na petroli kwa pamoja, kama Toyota Prius, yana herufi B. Kwa kawaida hayo hupunguza mwendo kwa kurudisha umeme katika betri. Lakini katika mteremko mrefu betri hujaa, nayo B huiingiza injini kusaidia. Magari yenye alama za kujumlisha na kutoa humruhusu dereva kushusha gia moja moja kwa kuusukuma mkono upande wa kutoa.

JINSI YA KUTEREMKA

Kwanza, punguza mwendo kabla ya kufika ukingoni mwa mteremko, kwa breki ya mguu, ingali baridi.

Pili, chagua gia ukiwa bado juu. Bonyeza O/D, kama mteremko ni mkali, shusha mkono hadi 2. Usiingize 2 ukiwa katika mwendo unaozidi kilomita 60 kwa saa, wala L ukizidi kilomita 30, isipokuwa kitabu cha gari lako kimetaja kiwango kingine. Tazama saa ya mizunguko ya injini: sindano itapanda, na hilo ni jambo la kawaida maadamu haijaingia katika sehemu nyekundu.

Tatu, ondoa mguu kwenye mafuta na uisikilize injini. Mwendo ukikaa pale pale, gia ni sawa. Mwendo ukizidi kuongezeka, punguza kwa breki ya mguu kisha shusha gia moja zaidi. Gari likikwama na kutaka kusimama, gia ni ndogo mno. Rudi juu moja.

Nne, breki ya mguu itumike kwa vipindi. Kama umekusudia kwenda kilomita 50 kwa saa, acha mwendo ufike 50, kanyaga sawasawa mpaka ushuke hadi 40, kisha achia kabisa. Katika muda wa kuachia, upepo hupoza breki. Mguu unaopapasa pedali wakati wote, hata kwa wepesi, hauipi breki muda wa kupoa.

Tano, ukifika tambarare, rudisha mkono kwenye D na ubonyeze tena O/D ili taa izimike. Wengi husahau hatua hii, kisha hulalamika kwamba gari linakunywa petroli.

Wapo waulizao kama jambo hili haliharibu giaboksi. Likifanywa kwa mwendo ufaao, halidhuru. Giaboksi iliundwa kwa kazi hiyo. Magari mengi ya sasa hata hukataa kushuka gia mpaka mwendo upungue, ili kujilinda. Kiharibucho giaboksi ni kuingiza R au P gari likiwa linatembea, na kuacha mafuta yake yachakae bila kubadilishwa.

DESTURI ZA KUACHWA

Desturi ya kwanza mbaya ni kuweka fri, yaani N, mteremkoni, kwa nia ya kubana petroli. Mkono ukiwa kwenye N injini haina uhusiano wowote na magurudumu, na mzigo wote huangukia breki. Tena petroli haibaniki. Gari la sindano likiwa kwenye fri hulazimika kuunguza petroli kidogo ili injini isizimike, ilhali likiwa ndani ya gia petroli hufungwa kabisa. Mwenye kuweka fri hulipia hatari kwa fedha yake mwenyewe.

Desturi ya pili ni kuzima injini kabisa. Hii imekwisha kuua watu. Breki za gari dogo husaidiwa na nguvu ya injini; ikizimwa, msaada huo hubaki kwa mikanyago michache tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukizungushwa kupita kiasi usukani hujifunga. Giaboksi ya otomatiki pia hupakwa mafuta na pampu inayozungushwa na injini. Gari likikimbia injini ikiwa imezimwa, giaboksi hujisaga pasipo mafuta.

Desturi ya tatu ni kujivuna. Dereva hushuka kwa kilomita 80 kwa saa kwa kuwa anaijua njia. Mwendo ukiongezeka kutoka 40 hadi 80, nguvu ambayo breki hutakiwa kuimeza haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne.

MIPAKA YA BREKI YA INJINI

Breki ya injini haikuja kuiondoa breki ya mguu. Ni msaidizi wake, nayo ina mipaka ambayo dereva sharti aijue.

Kwanza, haiwashi taa nyekundu za nyuma. Gari hupunguza mwendo na aliye nyuma hana habari. Gusa pedali kidogo ili taa ziwake na bodaboda iliyokufuata ijue.

Pili, inashika magurudumu yanayoendeshwa na injini peke yake. Mvua ikinyesha na udongo wa Isingiro ukawa kama sabuni, kushusha gia kwa ghafula huweza kuyatelezesha magurudumu hayo. Katika tope, gia ichaguliwe mapema, kwa mwendo mdogo, na kwa upole.

Tatu, injini ya dizeli haina mlango wa hewa unaojifunga kama wa petroli, kwa hiyo yenyewe huzuia kwa njia nyingine na mara nyingi kwa nguvu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Malori makubwa huongezewa breki maalumu ya kuziba moshi. Askari aliyezoea lori lenye breki hiyo asitarajie nguvu hiyo katika gari dogo la nyumbani.

MANUKATO YASIYOPENDEZA

Turudi kwa familia ya sajini. Wameupita mteremko nusu, mkono wa gia upo kwenye D, na mguu wa baba haujaondoka kwenye breki tangu kileleni. Mama ananusa.

"Baba watoto, mbona pananuka kama nguo inayoungua?"

"Ni moshi wa shamba la watu, mama. Wanachoma majani."

Vioo vimefungwa. Hapana shamba linalochomwa ndani ya gari. Harufu hiyo ni ya vitambaa vya breki, nayo ni onyo la kwanza. Onyo la pili ni pedali inayohitaji nguvu zaidi kuliko mwanzo. La tatu ni pedali iliyolegea na kuzama, na lifikapo hilo muda umebaki mchache.

Ikiwa ni harufu peke yake, shusha gia, punguza mwendo, na utafute mahali pa kusimama palipo tambarare. Weka P, weka mawe mbele ya magurudumu, na subiri walau nusu saa, hata kama kuna haraka. Usimwagie breki maji: chuma chenye moto kikimwagiwa maji ya baridi huweza kupinda au kupasuka, kama sufuria ya udongo iliyotolewa motoni na kutiwa majini. Wakati wa kuondoka, yaondoe yale mawe barabarani, kwani ayakutaye usiku ni mwenye pikipiki.

Ikiwa pedali imezama, usizime injini wala usiweke fri. Ikanyage na kuiachia upesi upesi, pengine itapata nguvu kidogo. Shusha mkono wa gia hatua kwa hatua: 3, kisha 2, na mwendo ukipungua, L. Vuta breki ya mkono polepole huku kidole kikibonyeza kitufe chake, uweze kuiachia magurudumu yakianza kuteleza. Washa taa za hatari, piga honi mfululizo, na elekeza gari upande wa kilima, penye majani au ukingo wa udongo, wala si upande wa bonde. Kukwaruza bati ni hasara ya fedha, na fedha hutafutwa.

Jambo la mwisho katika mfano huu ni la mama. Katika nyumba nyingi abiria hunyamaza, kwa kuwa dereva ni baba, au ni afande, au amelipwa nauli. Ukimya huo hauna heshima ndani yake. Aliyenusa ana haki ya kusema, na aliyeshika usukani ana wajibu wa kusikia bila kukasirika. Kikosini, mlinzi wa zamu apigaye kelele aonapo moto haulizwi cheo chake. Ndani ya gari pia isiwe vingine.

KABLA YA SAFARI

Madereva waliopata kuteremka Kanaba, katika barabara ya Kabale na Kisoro, au milima ya Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, hawahitaji kuhubiriwa sana. Milima yenyewe iliwafundisha. Baadhi yao, wenyeji wa Kivu, leo wanaishi Nakivale. Kijana wa Mbarara anayejifunza katika barabara za mji hana mwalimu wa namna hiyo, basi yafaa ajitafutie mazoezi. Siku isiyo na mvua, gari likiwa tupu, achague mteremko mfupi ulio wazi, ashuke mara moja kwa D, mara ya pili kwa O/D iliyobonyezwa, mara ya tatu kwa 2, kila mara kwa mwendo mdogo. Katika nusu saa ataujua uwezo wa injini yake kuliko kwa kuelezwa mwaka mzima.

Nyumbani, mambo manne yawekwe katika daftari la gari: tarehe mafuta ya breki yalipobadilishwa, na yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, unene wa vitambaa vya breki, mafuta ya giaboksi, na hali ya tairi. Gharama ya mafuta ya breki ni ndogo, na haiwezi kulinganishwa na gharama ya hospitali. Mizigo nayo ipimwe kwa busara, kwa maana kila gunia linaloongezwa juu ya kilima ni moto unaoongezwa katika breki chini yake.

Askari hufundishwa kuchagua mahali pa kupigania kabla adui hajafika. Mteremko nao hutaka vivyo hivyo. Gia ya kushukia huchaguliwa kileleni, wakati gari lingali linatii na mkono wa dereva umetulia, ili breki ya mguu ibaki baridi kwa ajili ya yule mtoto mwenye dumu la maji anayevuka njia baada ya kona ya mwisho.